MWIBA WA PAULO NA MIKESHA YETU

Somo: 2 Wakorinto 12:1-10



Tunaandika juu ya maumivu. Si maumivu ya siku moja, ya jino ao ya tumbo lililokula vibaya. Tunasema juu ya yale yanayolala na mtu na kuamka naye, mwaka kwa mwaka: mgongo wa mama aliyebeba mihogo tangu utoto wake, mifupa ya mtoto wa SS, mguu uliokatwa zamani lakini ungali unauma. Watu hao ni wengi katika mikesha yetu. Wanakuja kwa sababu hapo, katikati ya ngoma na nyimbo, wakati Roho anaposhuka, maumivu yanawaacha. Sisi mashemasi tunaosimama kando yao na kuwashika wasianguke, tumeyaona hayo kwa macho yetu, hatukuhadithiwa.

Basi mtu asitudhanie kwamba tunaandika ili kuzima moto wa mikesha. Tunaandika kwa sababu ya kijana mmoja, ambaye habari yake tutaieleza mbele kidogo, na kwa sababu ya kosa ambalo ni letu.

Tuanze na Paulo. Katika sura hii ya 12 anaeleza jambo la ajabu. Alinyakuliwa mpaka mbingu ya tatu. Kama alikuwa ndani ya mwili ao nje ya mwili, yeye mwenyewe hajui, na anakiri mara mbili kwamba hajui. Alisikia maneno ambayo mwanadamu hana ruhusa ya kuyatamka. Ni nani katika parokia zetu aliyefika huko? Lakini mistari michache tu chini yake, mtu huyohuyo anasema ana mwiba katika mwili. Alimwomba Bwana mara tatu uondoke. Haukuondoka. Alijibiwa kwamba neema inamtosha.

Tumesoma sura hii miaka mingi, na tulikuwa tunaigawa. Wahubiri wa mkesha walichukua mbingu ya tatu, wahubiri wa mazishi wakachukua mwiba. Lakini ni mtu mmoja, katika barua moja. Mbingu ya tatu haikuondoa mwiba, na mwiba haukuonyesha kwamba mbingu ya tatu ilikuwa uongo. Wala Paulo hakusema kwamba imani yake ilikuwa ndogo.

Tazameni pia Sauli na Daudi katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Katika sura ya 16 Daudi anapiga kinubi, na Sauli anapata nafuu. Katika sura ya 18 Daudi anapiga kinubi kilekile, kwa mkono uleule, na Sauli anamrushia mkuki. Nafuu ya kwanza ilikuwa ya kweli. Ilikuwa nafuu, basi.

Hata hapa kwetu Kongo tunayo mashahidi. Mwaka wa 1921, mwezi wa Aprili, Simon Kimbangu alianza kuponya wagonjwa pale Nkamba, katika Bas-Congo. Nguvu ilipomshukia alikuwa anatetemeka mwili mzima, na wengi waliomfuata walitetemeka. Watu waliacha kazi za wazungu, wakaacha vitanda vya hospitali za misioni, wakaenda kwake kwa miguu. Mwezi wa Septemba alikamatwa. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa kufa, kisha Mfalme Albert wa Kwanza akabadilisha hukumu iwe kifungo cha maisha. Alikufa tarehe 12 Oktoba 1951 kule Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi. Waamini wake wengi walihamishwa mbali na kwao, na wazee wetu waliwajua, maana wengine waliletwa mpaka Lowa, juu ya mto, upande wa Ubundu. Nabii aliyepunguza mateso ya wengine alikaa gerezani miaka 30. Hakuna aliyesema kwamba Roho alikuwa amemwacha.

Sasa tuje Kisangani. Yuko baba mmoja, jirani yetu wa Kabondo. Wazee wote mnakumbuka siku 6 za Juni 2000, tangu tarehe 5 mpaka tarehe 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu na mabomu zaidi ya 6000 yakaanguka juu ya nyumba za watu wasio na bunduki. Wengi walikufa, mamia kwa mamia, na waliojeruhiwa walipita elfu. Baba huyo alipoteza mguu wa kushoto chini ya goti. (Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka wa 2022 kwamba Uganda ilipe dola milioni 325. Hilo ni jambo lingine, na wako wanaolijua kutushinda. Lakini pesa haitoi maumivu katika mguu usiokuwepo.)

Ndiyo, mguu usiokuwepo. Vidole alivyozika mwaka wa 2000 vinamwuma mpaka leo. Vinajikunja, anasema, sawa vile mtu anavikamua kama nguo. Mwanzoni watu walimcheka. Wengine walisema ni ulozi, kwamba mguu uliibwa na unateswa mahali fulani. Waganga wa hospitali wanalijua jambo hilo na wanaliona kila mahali kwenye vita: ubongo ungali unashika ramani ya mwili mzima, na mahali pa mguu pale kichwani hapakukatwa.

Baba huyo anapokuja mkeshani, anakaa kwenye kiti karibu na ngoma kubwa. Anaimba polepole, macho yamefungwa. Baada ya saa moja hivi mabega yake yanaanza kutikisika, pumzi inabadilika, na ukimwita kwa jina haitiki. Tumemwuliza anaona nini. Alituambia:

"Shemasi, mguu unakuwa wa baridi, kama nimeuweka ndani ya Tshopo asubuhi. Vidole vinafunguka kimoja kimoja."

"Na kesho yake, baba?"

"Kesho yake saa sita ya mchana vinajikunja tena. Lakini ule usiku ni wangu. Musinipunguzie ule usiku kwa kuniuliza kama nimepona."

Neno hilo la mwisho lilituchoma, na mtaona kwa nini.

Watu wa sayansi nao wamelitafuta jambo hili. Mwaka wa 1944, katika vita kule Anzio, Italia, munganga wa Marekani jina lake Henry Beecher alishangaa kuona kwamba wengi wa askari waliojeruhiwa vibaya hawakuomba dawa ya maumivu. Jeraha lilikuwa lilelile ambalo lingemfanya raia alie. Lakini askari alijua kwamba ametoka vitani mzima, na kichwa chake kilipima maumivu kwa namna nyingine. Mwaka wa 1965 Melzack na Wall walifundisha kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu sawa na mlango: maumivu yanayopanda kwenda kichwani yanaweza kufunguliwa ao kubanwa hapo, na kichwa chenyewe kinaweza kutuma neno chini kwamba mlango ubanwe. Mwaka wa 1975, kule Aberdeen, Hughes na Kosterlitz walikuta kwamba ubongo unajitengenezea dawa ya namna ya morfine. Na wengine walipima watu wanaoimba na kucheza pamoja, wakaona kwamba baada ya wimbo wanavumilia maumivu kuliko wale waliokaa kusikiliza tu.

Mkristo asiogope habari hizo. Aliyeweka dawa hiyo ndani ya kichwa ni Yule aliyekiumba kichwa. Mtu akituambia kwamba ngoma na nyimbo zinafungua ghala la dawa katika mwili, tunamjibu: asante, sasa tunajua Mungu aliliweka wapi.

Lakini sikieni hii ya Liège, Ubelgiji. Tangu mwaka wa 1992, daktari Marie-Élisabeth Faymonville na wenzake wamesaidia maelfu ya wagonjwa kupasuliwa bila kulazwa usingizi mzito. Mgonjwa anafunga macho, sauti ya munganga inamwongoza polepole mpaka mahali anapopapenda, labda kando ya maji, labda katika nyumba ya bibi yake; anapewa dawa kidogo tu, na wanampasua shingo naye yuko huko alikokwenda. Wagonjwa wa maumivu ya miaka mingi pia wanafundishwa kwenda huko wao wenyewe, nyumbani. Sisi tuliposikia tulifurahi, tukasema, hao wazungu wanafanya mkesha bila ngoma! Kisha mmoja wetu akauliza swali la maana: na uvimbe uliokuwa shingoni, ni nini kiliuondoa? Ni kisu. Safari ile ya roho ilimsaidia mtu kuvumilia kisu. Haikuchukua nafasi ya kisu.

Hapo ndipo tulipokosa sisi.

Kuna kijana wa miaka 14, mtoto wa SS. Ugonjwa huu hapa kwetu si mgeni. Waganga waliopima watoto wachanga katika Kisangani waliona kwamba karibu mmoja katika mia anazaliwa nao, na karibu mmoja katika wane anabeba mbegu yake bila kuugua. Damu ya mtoto wa SS ina chembe zinazojipinda kama mundu. Zinaziba mishipa midogo, na mahali palipozibwa panauma kuliko mfupa uliovunjika. Upungufu wa maji, baridi, uchovu na homa ndivyo vinavyoamsha mapigo hayo. Waliolala chumba kimoja na mtoto wa SS wanajua kilio kile cha saa nane ya usiku.

Kijana huyo alikuja na mama yake katika mkesha wetu wa siku 3. Alikuwa na maumivu ya mapaja. Usiku wa kwanza, wakati wa nyimbo, akazimia roho. Tukamlaza juu ya mkeka, akaamka akicheka, akasimama, akarukaruka. Kanisa lote lilipiga vigelegele. Sisi, mashemasi, tukamchukua mkono na kumsimamisha mbele. Tukamwambia atoe ushuhuda. Alisema haumwi popote, na ilikuwa kweli, saa ile haumwi popote. Kisha mtu akasema, mama, dawa hizi ni za nini tena? Hatutaki kumtaja mtu huyo. Ilitosha kwamba sote tulikuwa pale na hakuna aliyemkataza. Mama akaacha dawa. Na kwa kuwa siku ya pili ilikuwa ya kufunga, bila chakula na bila maji, kijana akafunga pamoja nasi, na usiku akakesha juu ya sementi, madirisha wazi, mvua ikinyesha.

Siku ya tatu alikaa nyuma, karibu na ukuta. Tulimwona ameinama, tukafikiri anaomba. Ni mwimbaji mmoja, msichana, aliyemgusa na kukuta mwili ni moto. Pumzi ilikuwa fupi na kifua kinamwuma. Tulimpeleka hospitali juu ya motopikipiki alfajiri, mmoja wetu akimshika kwa nyuma. Walimpa maji ya mshipa, oksijeni na damu. Alikaa huko siku 11.

Tulipomtembelea tulimwuliza kwa nini hakusema, maana maumivu yalikuwa yamerudi tangu mchana wa siku ya pili. Alitazama ukuta. Kisha akasema:

"Wazee walikuwa wamenisimamisha mbele. Sikutaka kuwaaibisha."

Wandugu, tumehubiri maneno mengi katika maisha yetu, lakini hilo la mtoto ni zito kuliko yote. Alificha maumivu siku nzima na usiku mzima ili sisi tusionekane waongo. Na hatukuwa waongo! Ndiyo huzuni yenyewe. Maumivu yalikuwa yametoka kweli usiku ule. Sisi ndio tuliochukua nafuu ya saa chache tukaiita jina lingine.

Maumivu ni sawa na mlinzi wa usiku katika kiwanja. Mlinzi anayepiga kelele usiku kucha bila mwizi ni taabu, na huyo Mungu anaturuhusu kumlaza kwa nyimbo: ndivyo yalivyo maumivu ya baba wa Kabondo, maana mguu wake hauna hatari tena. Lakini mtoto wa SS, kelele za mlinzi wake mara nyingi ni za kweli. Homa, kifua kinachobana, tumbo kuvimba, mkono ao mguu kulegea ghafula, hayo hayangoji mwisho wa wimbo. Hata mgongo, ambao wengi tunauona ni jambo la kazi na uzee: kifua kikuu kinaweza kuingia mpaka katika uti wa mgongo, na mama anaweza kucheza mikesha kumi juu ya ugonjwa ambao una dawa.

Na mtu aliye katika Roho hasikii vizuri mwili wake. Tuliwahi kuona mama anashika mshumaa unaowaka na ngozi ya kiganja inaungua, naye anaimba. Wengine walisema ni ishara. Sisi tuliosafisha kile kidonda majuma matatu hatukuona ishara yoyote.

Tunajua maneno ambayo yatasemwa juu ya karatasi hii. Wako watakaosema kwamba Bwana Yesu msalabani alikataa divai iliyochanganywa na manemane, kwa hiyo mkristo asinywe dawa ya maumivu. Ni kweli, Marko 15:23 inasema hivyo. Lakini Bwana alikuwa anakinywa kikombe chake yeye, kwa ajili yetu. Hakumpokonya mgonjwa yeyote dawa yake. Isaya alimwekea Mfalme Hezekia andazi la tini juu ya jipu, baada ya Mungu kuahidi kumponya. Paulo alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo, naye ni Paulo yule wa mbingu ya tatu.

Wako watakaosema, dawa yenyewe iko wapi? Hapo tunanyamaza kidogo, kwa sababu ni haki yao. Morfine ni shida kuipata katika mji huu, na mwenye kuipata lazima awe na pesa. Ndiyo maana wengine wanaponea kwa lotoko, wengine kwa bangi, wengine kwa tramadoli ya kununua barabarani, mpaka dawa inakuwa ugonjwa wa pili. Hata wababu walitafuta njia. Wamongo wa Équateur wana zebola, ambapo mwanamke anayeteseka anawekwa kando muda mrefu, anapakwa, anafundishwa kucheza, na wanawake wenzake wanakaa naye mpaka atoke mbele ya watu. Sisi hatufuati roho za wafu, na jambo hilo hatulijadili. Lakini wale wanawake walijua kitu kimoja ambacho sisi tumekisahau: mgonjwa hakuachwa peke yake asubuhi, ngoma zilipokwisha.

Na wako, hawa ni wabaya zaidi, wanaomwambia mtoto ambaye maumivu yake yamerudi kwamba ana ndoki. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Mbele ya sheria, Bwana alikuwa amekwisha kusema juu ya jiwe la kusagia shingoni mwa mtu anayekosesha mmoja wa wadogo hawa.

Kwa hiyo, pamoja na wachungaji wetu, tumekubaliana hivi, tangu mwezi huu. Hakuna atakayesimamishwa mbele kushuhudia uponyaji usiku uleule maumivu yalipotoka. Atangoje, aende akapimwe, na akitaka kushuhudia nafuu, aseme ni nafuu, na tutaimba kwa furaha ileile. Mtoto wa SS, mama mwenye mimba, mwenye sukari na mzee dhaifu hawafungi maji. Mitungi miwili ya maji yaliyochemshwa itakuwa karibu na mlango wa nyuma, na wamama wa choral wameahidi mablanketi. Watoto wanalala saa nne ya usiku katika nyumba ya mchungaji. Anayeingia katika Roho anakuwa na shemasi ao mama mmoja kando yake mpaka arudi, na mishumaa inawekwa mbali. Dawa za mtu ni za mtu, asiyezinunua asizitupe.

Kijana amerudi. Dominika iliyopita alikaa katika mstari wa tatu, na chupa yake ya maji, na mama yake kando. Wakati wa nyimbo alifunga macho. Mmoja wetu alimsogelea na kumwuliza kwa sauti ndogo kama inauma. Alijibu, "Kidogo, baba, katika goti." Akaendelea kuimba.

Alhamisi saa kumi ya jioni tutaimba kwa baba wa Kabondo, maana mvua imeharibu njia na magongo yake yanazama katika matope. Kila mtu aje na kiti chake. Ngoma kubwa itabebwa na vijana wa Mangobo.